Wito wa Harambee kwa Ajili ya Chumba cha Kufulia cha Hospitali Yetu

Kwenu majirani, waumini wa misikiti na makanisa ya mtaa wetu, wafanyabiashara wa sokoni, madereva wa matatu na tuktuk, pamoja na wana wa mtaa mlioko Nairobi, Ghuba na kwingineko: assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Kamati ya harambee inawaandikia kwa haya kidogo, kwa kuwa haujapita muda mrefu tangu mlipotuitikia kwa ajili ya mabenchi na kivuli cha wagonjwa wa nje, na tulipoagana siku ile wengi wenu mlidhani, kama sisi tulivyodhani, kwamba tumepumzishana. Hali ilivyo hairuhusu kunyamaza. Tangu mvua za masika zianze kunyesha, paa la chumba cha kufulia limekuwa likivuja, mwanzo kwa matone yaliyowekewa ndoo, kisha kwa mchirizi uliofuata ukuta mpaka kwenye sanduku la umeme la mashine kubwa ya kufulia. Mashine ilizima ikiwa na nguo za chumba cha upasuaji tumboni, na haijawaka tena. Fundi aliyeifungua anasema kuitengeneza kutagharimu karibu sawa na kununua nyingine, na kwamba hata ikitengenezwa, mvua ya kwanza itairudisha hapo hapo ikiwa paa halijaguswa.

Kwa hiyo shuka, foronya, mablanketi ya watoto, magauni ya wagonjwa na nguo zote za upasuaji zinafuliwa sasa kwa mikono, ndani ya makaro mawili ya saruji. Tunaomba msomaji asipite haraka kwenye jambo hili, kwa sababu wengi wetu tumewahi kufua nguo za nyumbani na tunadhani tunaijua kazi yenyewe. Mama mmoja wa chumba hicho, ambaye ametuomba tusimtaje jina, alitukaribisha tukaona. Kabla ya alfajiri magunia ya nguo chafu huteremshwa kutoka wodini, na kwanza hukung'utwa na kuchambuliwa, kwa kuwa ndani ya shuka iliyokunjwa kwa haraka huweza kusahaulika sindano au kipande cha chupa ya dawa. Zenye damu hutengwa na kulowekwa kwenye maji baridi. Anayeanza kazi akizitia kwenye maji ya moto hukemewa papo hapo, maana joto huigandisha damu ndani ya nyuzi na doa halitoki tena. Ndipo hufuata sabuni, maji ya moto, dawa ya klorini, kusuuza, na kukamua shuka moja watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, wakizungusha kila mtu upande wake mpaka zile glavu za mpira ziwateleze. Viganja vya mama yule vimechubuka kwa dawa. Alituonyesha tulipomuuliza tu, kisha akarudi kazini.

Kufua kwa mikono, pamoja na taabu yote hiyo, hakutoshi. Miongozo ya Uingereza ya ufuaji wa nguo za hospitali inataka nguo zikae kwenye joto la nyuzi 71 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 65 kwa dakika zisizopungua 10, na hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kukaa ndani ya maji ya namna hiyo. Mashine hufanya hivyo bila kulalamika. Wafanyakazi wetu hufidia kwa dawa na kwa pasi, lakini wao wenyewe ndio wa kwanza kusema kwamba kufidia si kufanya.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni kukausha, na anayeishi Mombasa hahitaji kuelezwa unyevu wa pwani wakati wa masika. Shuka iliyoanikwa asubuhi huanuliwa jioni ikiwa bado na ubaridi. Likitoka jua, wanatoka kunguru nalo. Hawa kunguru wetu wenye shingo ya kijivu, ambao jiji zima limewachoka, hutua juu ya kamba wakachafua shuka nne kwa dakika moja, na shuka hizo hurudi karoni kuanza upya. Nguo zikianikwa kivulini kukwepa mvua, huja nzi wale wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na yai lisipouawa na pasi ya moto huangua funza anayeingia ndani ya ngozi ya mgonjwa. Kwa sababu hiyo kila kitambaa hupigwa pasi pande zote mbili, hata foronya, na umeme ukikatika kazi yote husimama.

Nguo za upasuaji zina masharti makali zaidi. Zikishakauka hukunjwa, hufungwa kama furushi na kuingizwa kwenye mtambo wa mvuke wa nyuzi 121 au 134, na furushi hilo hufungwa kwa mkanda ambao mistari yake hugeuka myeusi joto linapoupata. Furushi likitoka na unyevu huhesabiwa kuwa si safi, hata kama mistari imegeuka, kwa kuwa maji hufungua njia kwa vijidudu kupenya kitambaa. Kwa hiyo nguo isiyokauka ni sawa na nguo isiyokuwepo. Siku moja katika mvua hizi, mafurushi yaliyokuwa tayari yalikuwa machache, yakawekwa kwa ajili ya dharura, kama ilivyopasa. Mama mmoja wa makamo, aliyevuka feri ya Likoni alfajiri bila kula wala kunywa tangu usiku kama alivyoagizwa, aliambiwa kwa upole kwamba upasuaji wake umeahirishwa. Daktari alikuwepo, dawa ya usingizi ilikuwepo, na damu ya akiba ilikuwepo. Hazikuwepo nguo kavu.

Wako watakaosema, na wameshasema mbele yetu, kwamba pesa za harambee zingenunua dawa au kifaa cha kupimia maradhi, na kwamba kuchangia dobi ni kuanza na mkia. Tunawaelewa, kwa sababu kifaa kipya hukatiwa utepe na watu wakapiga picha, ilhali hakuna mgeni wa heshima aliyewahi kuomba apigwe picha kando ya gunia la shuka chafu. Lakini hospitali haikujengwa hivyo. Florence Nightingale alipofika mwishoni mwa mwaka 1854 katika hospitali ya wanajeshi wa Uingereza kule Scutari, ng'ambo ya Istanbul, miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia mapema ilikuwa ni kupata nyumba ya kufulia, kuwekesha matangi ya kuchemshia maji na kuajiri wake wa askari wafue, kwa kuwa majeruhi walikuwa wamelala kwenye nguo zilizojaa uchafu. Leo jina lake linakumbukwa kwa taa aliyokuwa akizunguka nayo usiku, na sisi kwenye kamati tunaona lile tangi la kuchemshia lilifaa kuchorwa kwenye picha zake pia.

Swali la pili ni kwa nini tusisubiri serikali. Tumeandika, barua imepokelewa, na ombi letu limo katika foleni pamoja na mengine. Bajeti ina msimu wake, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mvua ina msimu wake, na misimu hiyo miwili haikukutana mwaka huu. Hatumlaumu mtu. Tunachosema ni kwamba wagonjwa wanalazwa usiku wa leo.

Tungependa pia mjue ni nani aliyetangulia kuchanga. Si mfanyabiashara wala mheshimiwa. Ni wafanyakazi wenyewe wa nyuma ya pazia, wapishi wanaokoroga uji wa wodi nzima kabla hatujaamka, vijana wa machela, wasafishaji, walinzi wa geti, watunza faili, fundi wa mitungi ya oksijeni, na wale wazee wawili wa chumba cha maiti ambao sote tutawahitaji siku moja na ambao hatuwasalimii njiani. Walipitisha bahasha wao kwa wao siku ya mshahara, na bahasha hiyo ndiyo iliyonunua turubai linaloziba sasa sehemu ya paa. Aliyetuletea habari hiyo hakuileta kwa kujisifu. Alikuja kuuliza kama kamati ina misumari.

Tunajua mtaa huu hauna uchoyo. Mji wa Kale ulipofungwa mwezi Mei 2020 kwa sababu ya korona, kina mama wa mtaa wetu walitoa cherehani zao barazani wakashona barakoa, na vijana wakabeba sabuni na ndoo zenye mifereji hadi getini bila kuombwa mara mbili. Mabenchi mliyonunua yapo, na mwenye shaka aje akae. Tunajua vilevile kwamba ikitangazwa harusi, sare ya leso hupatikana, pilau hupatikana, na gari la kumsindikiza bwana harusi hupatikana, hata katika nyumba ambazo siku ya pili yake hukopa unga. Hatusemi harusi zisifanywe. Tunasema tu kwamba mikono ni ile ile, na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Waislamu tumefundishwa kwamba twahara ni nusu ya imani na kwamba sadaka inayoendelea kunufaisha watu humfuata mtoaji hata akishaondoka duniani. Wakristo tumefundishwa kwamba aliyemvika na kumtazama mgonjwa amemhudumia Bwana mwenyewe. Imamu na mchungaji wamekubali kulisema hili kila mmoja mahali pake, Ijumaa na Jumapili, na tunawashukuru.

Fedha zitakazopatikana zitatumika kwa mpangilio huu, wala hatutaurukia mwisho kabla ya mwanzo. Kwanza ni paa, kwa mabati mapya na mbao zisizoliwa na mchwa, pamoja na mifereji ya kukinga maji ya mvua na tangi la kuyahifadhi. Jambo la mifereji si la urembo. Maji ya visima vyetu hupita kwenye matumbawe, kwa hiyo ni mazito, yana chumvi na chokaa, sabuni haitoi povu ndani yake, na ukoko wake ndio uliokuwa ukiila mashine ya zamani polepole hata kabla ya mvua kuimaliza. Ya bomba nayo hutoka mbali, Mzima na Baricho, na yakikatika hospitali hununua ya maboza. Maji ya mvua ni laini na ni ya bure, na ni ajabu kwamba miaka yote hii yametuvujia kichwani badala ya kuingia kwenye tangi. Pili ni banda la kuanikia lenye wavu wa kuzuia kunguru na nafasi ya upepo wa kusi kupita. Tatu ndiyo mashine ya kufulia, nne mashine ya kukaushia, na mwisho kifaa cha kulainisha maji ili mashine hizo zisife kwa ukoko.

Jumla ya gharama hatukuiandika humu. Mashine za aina hii huagizwa kutoka nje na kuteremshwa hapa hapa bandarini kwetu, lakini bei yake hufuata dola, na takwimu ya leo ingetufanya waongo wiki ijayo. Makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji watatu yamebandikwa kwenye ubao wa kamati karibu na geti la hospitali na yanabadilishwa kila muuzaji anapobadilisha. Kila mchango, mdogo kwa mkubwa, utaandikwa daftarini na kutolewa risiti. Fedha zitawekwa benki, hazitatolewa bila sahihi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina kwa pamoja, na hesabu zitasomwa hadharani kazi ikikamilika. Fundi wa paa atalipwa kwa hatua, na hakuna mjumbe wa kamati, wala ndugu wa mjumbe, atakayepewa kandarasi.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu baada ya sala ya alasiri, katika uwanja ulio mkabala na geti la hospitali. Hakutakuwa na jukwaa la wageni mashuhuri, na hotuba zitakuwa mbili tu. Walio mbali watapata namba ya kuchangia kwa simu kwenye kadi zenye muhuri wa kamati. Tafadhali msitume fedha kwa namba yoyote mtakayoletewa na mtu asiye na kadi hiyo. Mafundi seremala, mafundi umeme na mafundi bomba walio tayari kutoa siku moja ya kazi badala ya fedha wajiandikishe kwa katibu mapema ili wapangiwe zamu. Watakaoleta vitu wavifikishe getini kabla ya saa kumi jioni, na tunaomba sabuni ya unga isiwe yenye manukato makali, kwa kuwa shuka hizo hizo ndizo zinazokwenda wodi ya watoto wachanga.