Medali za Froome zilitoka kwenye mbio za saa

Mhariri,

Kila mwendesha baiskeli Chris Froome anapotajwa, mazungumzo huishia kwenye uraia. Alizaliwa Nairobi 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akavaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, kisha 2008 akachukua leseni ya kushindana chini ya Uingereza. Ni kweli, ila tunasahau kuuliza medali zake za Olimpiki alizipata wapi. Ni shaba mbili, London 2012 na Rio 2016, na zote za mbio za kushindana na saa. London aliendesha kilomita 44 kwa dakika 51 na sekunde 47.

Hapa kila mtu huondoka peke yake. Hakuna mgongo wa mwenzako wa kujikinga upepo. Ukitaka kasi maradufu, nguvu za kuukata upepo zinahitajika mara nane. Mwili huuzuia upepo zaidi kuliko baiskeli yenyewe, ndiyo maana viwiko hubanwa, mgongo hulazwa na kichwa hushushwa. Jezi inayopepea pia hula sekunde. Kosa kubwa ni kuchomoka kwa pupa: dakika mbili za kwanza hazina uchungu, lakini kufikia kilomita ya kumi mapaja yanawaka, na muda unaopotea hapo haurudi.

Kuna pia kichocho, ambacho Froome aligunduliwa nacho 2010. Minyoo hii humpunguzia mtu damu, na bila damu ya kutosha mazoezi hayashiki hata ukijituma vipi. Alipewa dawa, na 2011 akang'ara kwenye Vuelta, mbio za baiskeli za wiki tatu za Uhispania, ambayo baadaye alitangazwa mshindi wake. Kijana anayechoka bila sababu apimwe mkojo na choo kabla ya kuitwa mvivu.

Naziomba kaunti zitenge asubuhi moja kila mwezi. Inatosha kupata barabara ya lami iliyofungwa, kilomita 10 kwenda na 10 kurudi, mtu wa kushika kiti wakati wa kuondoka, waendeshaji wakipishana kwa dakika moja. Wote watumie baiskeli za kawaida, ili mfuko wa mzazi usiamue mshindi. Cheni zikaguliwe: zioshwe kwa mafuta taa, zikaushwe, kila kiungo kipate tone moja na mafuta ya ziada yafutwe, maana hunasa vumbi na kuila cheni. Kisha muda wa kila mmoja ubandikwe ukutani, hata wa aliyefika mwisho, ili mwezi ujao ajue anazitafuta sekunde ngapi.

Mkufunzi wa baiskeli,
Kiambu