Barua kutoka Wete: mwaka upi unaoulilia?

Wete, Pemba
Jumapili, 4 Januari 2026

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sie huku hatujambo, watoto wazima, na mama mkwe goti limempoa kidogo tangu jua likolee. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia wote, mpaka pale paka wa jirani yako alipoingilia kati. Unalalamika kwamba mwaka umeingia na wewe bado una nguo za Desemba kwenye beseni, hukuweka nia, hukuandika malengo, na ulikuwa umeshalala wakati wenzio hapo Mwanza wanapiga fataki. Ukataka nikuandikie barua yenyewe, ya karatasi, yenye porojo. Haya, kaa kitako.

Kwanza hiyo saa sita ya usiku unayoijutia. Kwetu siku huanza magharibi. Jua lilipozama Jumatano, Alhamisi ilishaingia na watu walishaswali. Na visiwa vya Kiribati, huko Bahari ya Pasifiki, walishaupata mwaka wao tangu saa saba mchana yetu, mimi nimo jikoni nakuna nazi. Wa mwisho kuupata ni watu wa Samoa ya Marekani, na kwao uliingia Alhamisi, kwetu saa nane mchana. Sasa wewe uliyelala saa tatu usiku umemchelewa nani?

Jirani zao, Samoa ile nyengine, ndio walionifurahisha zaidi. Mwisho wa mwaka 2011 waliamua kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule wa kwenye ramani ambapo siku hubadilika, ili siku zao za kazi zilingane na za Australia na New Zealand wanaofanya nao biashara. Wakalala Alhamisi tarehe 29 Desemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwepo kabisa. Nilipomsimulia mama mkwe alikuwa anamenya muhogo. Akakiweka kisu chini. "Na swala ya Ijumaa wameipeleka wapi?" Nikamwambia wengi wao ni Wakristo. "Hata kama," akasema, "mwenye deni la kulipwa Ijumaa je?" Hapo sikuwa na jawabu.

Sikiliza na hili. Wiki iliyopita nilikuwa natandua makaratasi kwenye kabati la vyombo, yale tunayotandika chini ya sahani, nikakuta kalenda ya 2015. Ile yenye picha ya Al-Kaaba, tuliyopewa dukani, mwaka ule mimi na wewe tuko chuo na tunagawana boflo moja kwa siku mbili. Nikaiweka kando ya kalenda mpya. Siku zote sawasawa! Mwaka 2015 ulianza Alhamisi, na huu umeanza Alhamisi, na yote miwili haina tarehe 29 Februari. Kwa hivyo nimeitundika ile ya zamani jikoni, na mpya nimempa shangazi. Mume wangu anasema ni ubahili. Mwambie kalenda inayoitwa mpya ina nini zaidi, isipokuwa picha ya bohari ya saruji.

Lakini kuna kitu kimoja hakikulingana. Mwaka 2015 nilikuwa nimezungushia duara kwa kalamu nyekundu katikati ya Juni: mwanzo wa Ramadhani. Mwaka huu, mwezi ukiandama, tunafunga kiasi cha tarehe 18 au 19 Februari. Siku zimekaa pale pale, Ramadhani imetembea miezi minne. Ni zile siku kumi na moja hivi ambazo mwaka wa mwezi unapungua kila safari, kwani una siku 354 au 355. Zikusanye kwa miaka kumi na moja uone. Na ukiendelea na hesabu utafika 2030, ambapo Ramadhani itaingia mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa kizungu, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Waambie wanao waanze mazoezi.

Juni ile tulifunga na upepo wa kusi, asubuhi unajitanda kanga mbili. Hii ya Februari itatukuta na kaskazi, na hapo ndipo roho yangu inaponyong'onyea. Maana joto la huku sasa hivi si la mchezo. Jana usiku dunia ilikuwa pahala pake pa karibu kabisa na jua kwa mwaka mzima, kilomita kama milioni 147. Julai inakuwa mbali zaidi, kama milioni 152. Watoto wa darasa langu nikiwaambia hivi wanadhani ndiyo sababu ya joto, na mimi hapo ndipo ninapowakamata: mbona Ulaya wakati huu huu wanaganda kwa baridi? Ukaribu huo ni mdogo mno kwa ukubwa wa safari yenyewe. Kinacholeta joto ni dunia kukaa kiupande, na miezi hii nusu ya kusini ndiyo imelielekea jua. Sisi tuko kiasi cha nyuzi tano tu kusini ya ikweta, basi jua linatupita utosini mara mbili, mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi. Ukipiga hesabu, mwanzo wa Machi ni katikati ya mfungo. Nishaanza kuulizia bei ya barafu.

Leo asubuhi nilikwenda Micheweni kwa shangazi. Mwezi ulikuwa mpevu juzi na jana, nao uko karibu na dunia kuliko kawaida, kwa hivyo bamvua, yale maji ya kujaa na kupwa kupita kawaida, ni kubwa. Saa nne maji yalishakupwa mbali sana, mchanga mtupu mpaka yanakoishia macho, na akina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani. Shangazi ana umri wa kupumzika lakini hapumziki. Anakaa ndani ya maji ya kiunoni, kamba imetandwa baina ya vigingi viwili, anachukua kichane cha mwani, anakifunga kwa kamba ndogo, anasogea shubiri moja, anafunga chengine. Vidole vimekunjamana kwa chumvi. Nikamuuliza mwaka mpya ameupokeaje. Akanambia: "Mimi nahesabu bamvua." Ikipita hii, anangoja wiki mbili mwezi uandame, jua na mwezi vivute tena pamoja, ndipo arudi. Januari kwake ni jina tu la kwenye kadi ya kliniki.

Na babu yetu wa Konde naye ana yake. Yeye ni wa Nairuzi, mwaka mpya wa jadi ambao sherehe yake ndiyo Mwaka Kogwa. Unajua wengi wakisikia Mwaka Kogwa wanafikiria Makunduchi tu, Julai, wanaume wanapigana kwa mapande ya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka uliopita, kibanda cha makuti kinatiwa moto, wanawake wanaimba na kanga mpya. Tumewahi kwenda, unakumbuka vumbi lile. Lakini mwaka wenyewe ulio nyuma ya ngoma hiyo ni kitabu cha wakulima na wavuvi. Umegawika miongo 36 ya siku kumi kumi, ukipata 360, halafu siku tano zinabaki za kufungia hesabu. Wazee wakikuuliza "mwongo wa ngapi?" wanataka kujua kama ni wakati wa kupanda, au upepo utageuka lini, au samaki gani wanapita. Hauna mwaka mrefu, ni siku 365 daima, kwa hivyo kwa hesabu hiyo kila miaka minne Nairuzi inarudi nyuma siku moja ya kalenda ya ukutani. Asili yake ni Uajemi, ila babu ukimwambia hivyo anakujibu kwamba Waajemi wameiba kwetu. Simbishii, ana miaka tisini na kidogo.

Kwa mwaka wa Kiislamu tunangoja Muharram. Ila na hapo Waswahili tuna letu, maana miezi tunaihesabu kutoka Idi: Mfungo Mosi ndiyo Shawwal, na Muharram inayofungua mwaka kwa wengine kwetu ni Mfungo Nne. Serikali nayo hufungua daftari lake la fedha tarehe 1 Julai. Wahabeshi wamekaa na 2018 yao, walioianza Septemba, na saa wanazihesabu kama sisi, asubuhi ni saa moja. Hata Waingereza waliotuletea hiyo Januari, mpaka 1752 mwaka wao kisheria ulikuwa ukianza tarehe 25 Machi. Mwaka huo huo wakafuta siku kumi na moja ili waende sawa na wenzao, wakalala Jumatano tarehe 2 Septemba wakaamka Alhamisi tarehe 14. Kodi zao mpaka leo zinaanzia tarehe 6 Aprili, masalio ya mkorogano huo. Watu hao ndio wa kukufanya ulie kwa beseni la nguo?

Ukweli wangu ni huu: Januari mimi siiwekei nia hata moja, kwa sababu ni mwezi wa sare. Nimekwenda kwa fundi cherehani mara ya pili, amezungukwa na malundo ya vitambaa vya buluu na vyeupe mpaka yeye mwenyewe humuoni, unasikia mashine tu. "Kesho, mwalimu." Kila mzazi anaambiwa kesho. Mkubwa wangu ameingia darasa la tano na miguu imerefuka, viatu vya mwaka jana amevirithi mdogo wake, ambaye naye anasema vinambana. Madaftari, mikoba, mitandio. Mfuko ukishakauka namna hii, mtu anaweka nia ya nini? Mimi zangu naziweka baada ya Idi, tumbo limeshapunguzwa na funga na ulimi umeshazoea kunyamaza.

Tarehe 12 ni sikukuu ya Mapinduzi, inaangukia Jumatatu, kwa hivyo tuna mapumziko ya siku tatu mfululizo. Miaka 62 tangu 1964. Wanaume wa barazani hawazungumzi ila Kombe la Mapinduzi, na kahawa imepanda hamu kuliko bei. Jirani yetu bado ana karafuu za vuli kwenye jamvi uani. Kila jioni anachukua moja, anaikunja baina ya vidole viwili, ikikatika kwa mlio anaridhika, ikipinda anaanika tena kesho. Nyumba nzima inanuka karafuu, hata boflo. Mashokishoki yapo tele lakini hayatakungoja, usinidai. Maembe labda, yale ya mwisho mwisho.

Sasa nijibu wewe. Ulisema utakuja kabla ya Ramadhani. Ukipita Unguja, usile maandazi asubuhi ya boti. Mkondo wa Nungwi unaujua, na safari iliyopita niliyekupokea si wewe, ilikuwa kijani. Dagaa wa Mwanza usisahau, wakavu wasio na mchanga, mama mkwe amekwisha kuwatangazia majirani. Na nitumie vipimo vyako mapema pamoja na tarehe ya safari. Kitambaa cha Idi nimeshakununulia, na fundi akishamaliza sare atazama kwenye mabaibui, hapokei tena kazi ya mtu.

Msalimie shemeji, na paka.

Ni mimi shoga yako,
Mwalimu wa Wete