Firefly ilivurugwa mara moja, tusiivuruge tena

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu Firefly, tamthilia ya Kimarekani ya watu wanaosafiri kwa chombo cha anga, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu anasema ilifutwa kwa sababu hadithi yake haieleweki, kisha anawashauri wasomaji waitafute kwenye DVD na waanze sehemu yoyote wanayoipata. Kwa ushauri huo kweli hawataielewa.

Hadithi ile inaeleweka. Kilichovurugwa ni mpangilio. Mtunzi wake, Joss Whedon, alitengeneza sehemu ya kwanza ndefu, inaitwa Serenity, jina la chombo chenyewe. Fox, kituo cha televisheni kilichoirusha, hakikutaka ianze hiyo, kikadai nyingine yenye purukushani zaidi. Whedon na mwandishi mwenzake Tim Minear wakaandika The Train Job kwa siku mbili tatu za mwisho wa wiki, na ndiyo iliyorushwa Ijumaa ya 20 Septemba 2002. Serenity ikarushwa 20 Desemba, tamthilia ikiwa imeshafutwa. Na humo ndimo kila kitu kinapofungwa fundo! Simon anapanda chombo kama abiria na sanduku lake kubwa. Nahodha Mal analifungua kwa nguvu, anamkuta ndani binti aliyejikunja, amegandishwa: River, dada yake Simon. Kabla ya hapo Kaylee, fundi wa injini, anapigwa risasi ya tumbo, na Simon, ambaye ni daktari, anagoma kumtibu mpaka Mal akubali kuikimbia meli ya serikali. Kutoaminiana kwa watu hawa kunaanzia hapo. Mtazamaji wa Septemba alimkuta daktari na dada yake wameshakaa chomboni, hajui wametoka wapi wala kwa nini wanasakwa. Shindig na Safe, zilizopangwa kuwa ya nne na ya tano, zikarushwa za sita na za saba. Zilitengenezwa sehemu 14, zikaonyeshwa 11. Trash, The Message na Heart of Gold Wamarekani hawakuziona mpaka DVD zilipotoka kwao Desemba 2003. Hata picha ilirushwa imekatwa kulia na kushoto ili ienee kwenye televisheni za mraba za wakati ule, ilhali ilipigwa kwa upana. Ni DVD iliyorudisha kingo zile. Watu walipoiona nzima, kwa mpangilio wake, ndipo ilipopata wapenzi wa kutosha hata filamu ikatengenezwa mwaka 2005. Huwezi kuyaruka haya yote ukasema haieleweki.

Huku kwetu kosa lile lile linafanywa upya katika vibanda vinavyochoma na kuuza diski. Diski niliyouziwa kwenye kibanda kimoja mwezi uliopita ilikuwa na mafaili yaliyoandikwa majina matupu bila namba. Deki inayapanga kwa alfabeti, kwa hiyo inaanza na Ariel, ambamo Jayne, mmoja wa wafanyakazi wa chombo, anawauza Simon na River kwa wanaowasaka. Unaanza na usaliti kabla hujajua nani ni nani! Kwa alfabeti Serenity inaangukia ya tisa. Na katika diski ile haikuwemo kabisa: aliyechoma aliikuta filamu ya 2005, nayo inaitwa Serenity, akaiweka mahali pa sehemu ya kwanza. Yaani mwisho umewekwa mahali pa mwanzo, na mwanzo umetupwa. Kuzitofautisha ni rahisi, tazama urefu tu: sehemu ya kwanza ni kama dakika 86, au 82 ikiwa imetoka kwenye diski ya Ulaya, ambayo inakwenda kasi kidogo kwa asilimia 4. Filamu ni dakika 119.

Na hili la kubana tamthilia nzima kwenye diski moja lina madhara ambayo wauzaji hawayasemi. Sehemu 14 ni karibu saa 11. Zilitoka kwenye diski nne, na diski ya tabaka mbili inabeba hadi GB 8.5; mchomaji anazisukuma zote kwenye moja ya GB 4.7. Mandhari ya mchana utayavumilia. Lakini nusu ya tamthilia hii ni anga jeusi na korido zenye taa hafifu, na weusi ndio unaoumia kwanza: unavunjika viraka viraka vinavyochezacheza nyuma ya nyuso za watu. Wengine wanaikunja picha pana iwe mraba, watu wote wanarefuka kama wamevutwa. Kama mteja hana uwezo wa kununua kasha halisi, basi mchomeeni diski tatu, au mpeni kwenye flashi.

Anayeagiza kasha halisi naye aangalie mgongoni namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa; deki ya kanda nyingine huikataa. Za Marekani ni kanda 1, za Uingereza ni 2, deki za Afrika Mashariki ni 5. Atafute deki iliyofunguliwa kanda zote. Asitegemee kubadilisha kanda kwenye kompyuta, kwa sababu kisomea diski kinaruhusu mara tano tu, kisha kinajifunga kwenye ile ya mwisho.

Ninachoomba, Mhariri, ni kisanduku cha orodha kwenye ukurasa wa toleo lijalo, upana sentimita 12, urefu 12, kiingie ndani ya kasha la DVD bila kukunjwa. Kiandikwe kwa namba: 01 Serenity, 02 The Train Job, 03 Bushwhacked, 04 Shindig, 05 Safe, 06 Our Mrs. Reynolds, 07 Jaynestown, 08 Out of Gas, 09 Ariel, 10 War Stories, 11 Trash, 12 The Message, 13 Heart of Gold, 14 Objects in Space. Filamu iwe 15. Sifuri za mbele zisiachwe, kwa sababu deki nyingi zikikuta 1 tupu zinaipeleka 10 mbele ya 2. Wachomaji wakate wabandike ukutani, juu ya kompyuta zao, na kila faili liandikwe hivyo kabla ya kuchomwa.

Msomaji wenu,
Tanga