Kwa Nini Hatupimi Seli T Dhibiti kwa Alama Mbili Tu

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa uzamili alisimama kwenye mapokezi ya maabara yetu hapa Dodoma, ankara mkononi, akauliza kwa uchungu kwa nini tumtoze kwa alama nne, yaani protini nne tunazozitia rangi ili kuzitambua seli T dhibiti, ilhali kwingine ameahidiwa jibu hilohilo kwa mbili. Si wa kwanza kuuliza, na swali lake ni la haki.

Seli T dhibiti, zile zinazotuliza kinga ya mwili isishambulie viungo vyake yenyewe, ni takribani asilimia 5 hadi 10 tu ya seli T zenye protini ya CD4 katika damu ya mtu mzima. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi na wenzake walionyesha, kwa panya, kwamba seli hizo hubeba protini ya CD25, na wengi bado huishia hapo, kwenye CD4 na CD25. Kwa binadamu haitoshi, kwa sababu seli T za kawaida zikishaamshwa na maambukizi nazo hupandisha CD25. Ndiyo maana tunaongeza protini ya CD127, ambayo huwa kidogo kwenye seli dhibiti na tele kwenye nyingine nyingi, pamoja na protini ya FOXP3.

FOXP3 ndiyo inayopandisha bei. Imo ndani ya kiini, hivyo ni lazima seli zigandishwe kwa dawa na utando wake utobolewe ndipo kingamwili yenye rangi ipenye, kazi ya saa kadhaa isiyokubali haraka. Tunatoza pia tyubu ya kulinganishia, yenye rangi zote isipokuwa moja, kwa kuwa bila hiyo mpaka kati ya seli zenye alama na zisizo nayo, kwenye mchoro ambao kila kitone ni seli, huwekwa kwa kukisia.

Mteja mwingine aliwahi kusisitiza alama mbili, nasi tukakubali, jambo tunalolijutia hadi leo. Mchoro ulitoka wingu moja la vitone lililoteremka bila kukatika popote, pasipo mpaka wa kuzitenga seli dhibiti. Aliporudi kuomba CD127 damu ilikuwa imekwisha, akalazimika kurudi Kondoa kuwatoa washiriki damu upya, na nauli peke yake ikapita kile alichookoa.

Anayetaka kupunguza gharama aondoe FOXP3, si CD127: tangu 2006 inajulikana kwamba CD4, CD25 na CD127 kwa pamoja huzitambua seli hizi vizuri, tena zikiwa hai. Mwanafunzi yule alichagua hivyo, na ankara yake tuliiandika upya palepale.