Kabla hujaja Salalah

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, nimefurahi kwamba likizo ya Desemba utakuja kunisaidia nyumba ya wageni. Hilo wazo lako la darasa la mapishi la saa moja, la tui la kopo na vitunguu vilivyokwisha katwa, mgeni akoroge na kupiga picha tu, nimelifikiria sana. Hapana, mama. Mgeni wangu atakuna nazi.

Nilipoolewa huku nikitokea Pemba, kilichonituliza moyo ni minazi. Sehemu kubwa ya Oman ni tende na mawe, lakini Dhofar, mkoa wetu huu wa kusini, kuna kharifu, mvua nyepesi na ukungu kuanzia Juni hadi Septemba, na Salalah ina migomba, mipapai, na madafu yanauzwa kando ya barabara. Sasa niwape watu tui la kopo katika mji wenye nazi?

Na kukuna ndiko kunakowafungua. Mtu amefika jana, anasema "asante" na "samahani" tu. Mkalishe juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mpe kifuu mkononi, muonyeshe kukizungusha asikwangue hadi kwenye ganda jeusi. Kidogo tu utamsikia anakusimulia jiko la bibi yake. Wanaume nao wakune, usiwaache wakae na simu.

Tui la kwanza, lile zito, liweke kando. Tia maji ya vuguvugu, kamua tena upate tui jepesi, na hilo ndilo la kupikia samaki pamoja na nyanya, kitunguu thomu, bizari na ndimu. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, mwiko usisimame mpaka lichemke, la sivyo litakatika. Hapo simama karibu na mgeni, lakini mwiko usimnyang'anye. Najua mikono yako itakuwasha.

Samaki nampenda nguru, na Desemba utamkuta. Kuvua nguru hufungwa 15 Agosti hadi 15 Oktoba ili azaliane, na miezi hiyo natumia changu. Sokoni tunakwenda na wageni asubuhi, wamwone samaki mzima, washike shavu lake, wajue mbichi yukoje.

Watakuuliza kwa nini nyumba ya Oman inazungumza Kiswahili. Waambie kwa ufupi: Sayyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja, watu wakaoana, na baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala, familia nyingi zilirejea huku na lugha yao na vyungu vyao. Kisha warudishe kwenye chungu chenyewe. Harisi ya ngano na nyama wanayokula huku sikukuu ni ndugu wa boko boko letu, na mishkaki utaisikia ikiitwa karibu vilevile barabarani. Mimi huona mgeni anaelewa zaidi akionja kuliko nikimhutubia.

Usiku wa kuamkia darasa uliza nani ana mzio, nani hali samaki. Asiyekula samaki apikiwe mchicha wa nazi au kunde, kwa tui lilelile alilokamua. Pilipili ikae pembeni kwenye kibakuli. Wali utie tui, chumvi na iliki, ukikaribia kukauka upalie makaa juu ya kifuniko. Tukimaliza tunakaa mkekani wote, mimi na wewe pia, tunakula sinia moja. Usije ukabaki jikoni unaosha vyombo wageni wanakula. Wamelipa wajifunze na wale nasi, na hicho ndicho ninachouza.

Mbuzi ya hapa meno yamekuwa butu. Ninunulie nyingine soko la Darajani, Unguja, yenye chuma kinene, pamoja na vifumbu viwili vya kukamulia tui. Mbuzi itie kwenye begi kubwa la chini, usiibebe mkononi, watakunyang'anya uwanja wa ndege.

Mama yako