Ile Nguo Nyekundu Si ya Kazi

Edinburgh,
Alhamisi, 12 Desemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo Mama. Mimi mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu huko Ngamiani, Tanga. Yale mafua niliyokuambia kwenye simu yamekwisha, yamebaki makamasi tu, na huku makamasi hayahesabiwi kuwa ugonjwa.

Salimu, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma, maana jicho la Mama bado lina bandeji. Soma taratibu, usitie chumvi, na nikikuambia uruke, ruka kweli.

Mama, nimeandika barua badala ya kutuma sauti kwa sababu maneno yenyewe marefu, na kwenye simu Mjomba Juma hunikata kabla sijafika katikati. Nasikia ameiona picha yangu ya mwezi wa kumi, ile niliyovaa nguo nyekundu yenye nembo kifuani na kitu cha kung'aa sikioni, akaenda kuwaambia watu barazani kwamba nimeacha masomo nimekuwa mhudumu wa ndege. Shangazi naye kasema hapana, hiyo sare ya hoteli, na cha sikioni ni simu ya kupokelea oda za vyumbani. Nilicheka hadi jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha nikatulia, nikajiambia hawa ndio waliochanga pesa ya tiketi. Wakiuliza, wajibiwe.

Si kazi, Mama. Ilikuwa sherehe ya tarehe 31 Oktoba, usiku ambao huku watu wazima na akili zao hujivika mizuka na mazimwi wakazurura barabarani. Wenzangu wa darasani walikubaliana kila mtu aje amevaa kama mtu wa kwenye filamu au sizoni anayoipenda. Mimi nikaenda kama Uhura. Nguo niliipata kwenye duka la mitumba kwa pauni 6, chini nikavaa suruali nyeusi (ipo, ila taa zilikuwa hafifu), na kichwani mtandio wako mwekundu, ule ulionivika uwanja wa ndege. Cha sikioni ni kizibo cha chupa nilichokizungushia karatasi ya fedha ya kufunikia chakula. Mwambie Shangazi hakipokei oda.

Sasa huyo Uhura ni nani? Ni ofisa wa mawasiliano kwenye chombo kinachosafiri baina ya nyota, katika sizoni ya Kimarekani iitwayo Star Trek. Ilianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966, mwaka uliozaliwa wewe. Aliyemwigiza anaitwa Nichelle Nichols, mwanamke mweusi, amefariki juzijuzi tu, 2022. Kiti chake kilikuwa pale pale wanapokaa wakubwa wa chombo, si jikoni wala mlangoni. Siku aliyokwenda kwenye usaili alikuwa ameshika riwaya ya Robert Ruark yenye jina Uhuru, iliyotoka 1962, inayohusu Kenya. Gene Roddenberry, mwenye sizoni yake, akalipenda lile neno. Wakalilainisha mwishoni, likawa Uhura.

Hebu piga hesabu, Mama. Tanganyika ilipandisha bendera Desemba 1961. Kenya wakapandisha ya kwao Desemba 1963, tarehe kama ya leo. Haijatimia hata miaka mitano tangu ile yetu, neno ambalo babu alikuwa akilipigia kelele viwanjani limekwishakaa kwenye televisheni ya Marekani, limevaa nguo nyekundu, linapokea simu za kutoka sayari nyingine. Na usiku ule ule wa kwanza Kiswahili chenyewe kilisemwa. Kuna dude linalojigeuza sura. Linamwendea Uhura kwa umbo la kijana mweusi na kumsemesha Kiswahili. Kiswahili kibovu, Mama, nilirudia mara nne ndipo nikashika. Lakini dude kujua kwamba ukitaka kumlainisha mtu umwendee kwa lugha yake, hapo aliyeandika alikuwa na akili.

Baada ya mwaka wa kwanza Nichols alitaka kuacha. Aliyemzuia ni Martin Luther King mwenyewe. Alimwambia kukaa kwake pale ni kitu ambacho watu weusi hawajapata kukiona. Kuna msichana aliyekuwa akimtazama utotoni, Mae Jemison. Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, na hii si ya sizoni tena.

Salimu, hapa ruka. Mwaka 1968 walimwonyesha nahodha wa Kizungu akimbusu Uhura, na likawa miongoni mwa mabusu ya kwanza ya mweupe na mweusi kwenye televisheni ya Marekani. Wasomi wameandika kurasa na kurasa juu ya busu lile moja, na mimi nimelazimika kuzisoma kwa miwani na kalamu mkononi. Haya, endelea.

Nimelazimika, kwa sababu ile picha iliyomtia Mjomba wasiwasi ndiyo iliyonipa insha. Mhadhiri wetu wa isimujamii, yaani somo la lugha na jamii inayoitumia, alikuwepo sherehe ile, yeye amekuja kama mchawi. Akaniuliza kama ni kweli Uhura ni uhuru wa kike. Nikamwambia hakuna kitu kama hicho. Kwetu u- ya mbele ndiyo inayobeba neno, ndiyo inayoliweka kwenye kundi la utu, uzuri na ujinga, na -a ya mwisho haijawahi kumfanya mtu mwanamke. Hiyo ni tabia ya Kitaliano na wenzake. Ingekuwa kila kinachoishia na -a ni cha kike, basi Musa, Isa na mjomba wangu Juma wangekuwa na kesi ya kujibu. Mhadhiri akacheka, kisha akanyamaza, kisha akasema: andika hiyo. Kwa hiyo Mjomba yumo ndani ya insha, jina lake kamili halimo. Salimu, kama yupo hapo kibarazani, ipunguze sauti.

Insha ziko tatu. Ya kwanza ni ya mkazo wa maneno, nimekwisha kuikusanya. Ya pili ni ya takwimu, na hiyo Mama iombee dua. Nilikuja kusoma lugha, kumbe lugha huku inahesabiwa: unarekodi watu, unapima urefu wa irabu kwa kompyuta, unatoa namba, kisha unaulizwa kama namba zako zina maana au ni bahati tu. Wiki iliyopita nilikesha hadi saa tisa ya usiku na programu inaniandikia kosa kwa herufi nyekundu, lile lile, mara kumi na saba. Kosa lenyewe ilikuwa mkato mmoja nilioutia mahali pa nukta. Nililia kidogo. Kisha nikafungua sizoni nikatazama sehemu moja, moja tu nakuapia, nikalala.

Na mchana huku haupo. Jua linachomoza saa tatu kasoro za asubuhi, saa kumi kasoro dakika ishirini limeshazama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama mabehewa. Ukitawadha vizuri saa sita, na ukijizuia chai, udhu mmoja unakupeleka zote tatu. Msikiti uko hatua chache kutoka maktaba, na jirani yake wanauza wali na mchuzi wa kunde kwa bei ya mwanafunzi, kwa hiyo usifikiri ninashinda na mkate. Maktaba yenyewe ni jengo kubwa la ghorofa mwanzoni mwa George Square. Mwezi huu watu wanahamia mle na mablanketi. Kuna kijana wa Nigeria anayekaa mkabala na mimi kila siku. Hatujaongea ila kwa macho, na macho yenyewe yanasema pole.

Kisha kuna habari ya kwaya. Hii nimeogopa kukwambia kwenye simu. Kwaya ya wanafunzi ilikuwa na onyesho la kufunga muhula Jumamosi iliyopita, na miongoni mwa nyimbo zao ni Baba Yetu. Umeandikwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa 2005, na mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Wakasikia kuna Mswahili jengo la pili, wakanijia. Basi mimi mtoto wa madrasa, niliyehitimu juzuu kwa maalim wetu, nikasimama mbele ya Waskoti 40 kuwafundisha sala ya Kikristo. "Mbinguni" walikuwa wakiitamka "imbinguni". "Utusamehe" ilikuwa kama jina la mji wa Japani. Nikawaambia wafunge midomo kwanza, m itoke puani, ndipo b ifunguke. Tulirudia neno hilo moja kwa robo saa.

Siku ya onyesho nilikaa nyuma kabisa. Walipoanza, Mama, yale maneno yalitoka safi. Mbinguni ikawa mbinguni. Nikajikuta natokwa machozi, na bibi mmoja wa Kiskoti aliyekaa pembeni akanipa leso akidhani mimi ni Mlokole. Sikumsahihisha. Miezi mitatu sijasikia Kiswahili kwa sauti za watu wengi kwa pamoja. Nilidhani ninachokikosa ni samaki na wewe, kumbe na kelele zenyewe.

Najua Mjomba atasema: filamu, michezo ya kompyuta, nyimbo, masomo yako wapi? Salimu, hapa paza sauti. Mjomba, shikamoo. Nani aliyekuwa akinichukua Ijumaa jioni hadi kibanda umiza cha barabara ya kumi na mbili, nina miaka saba, tunalipa shilingi mia tunabanana kwenye benchi kutazama kanda za mapigano zilizotafsiriwa? Nani aliyenifundisha kwamba mtafsiri ndiye mwenye filamu, maana jambazi wa Hong Kong akifungua mdomo tunasikia vijembe vya Kariakoo? Mama alikuwa akiambiwa tumekwenda kwa fundi cherehani. Nilianza isimu pale pale, kwenye lile benchi, nikishangaa jinsi mtu anavyoongea maneno mawili na mtafsiri akasema kumi. Nimeyaweka haya kwenye ukurasa wa shukrani, Mjomba, pamoja na fundi cherehani.

Na kwa kuwa unampenda Mwalimu Nyerere: yeye naye alisoma chuo hiki hiki cha Edinburgh, 1949 hadi 1952. Akaja kuwa rais, na nchi ikiwa bado changa mikononi mwake akakaa akatafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar ikatoka 1963, akairudia tena kuisahihisha miaka sita baadaye, na mwaka ule ule wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Hapakuwa na aliyemtuma. Alipenda tu. Simfananishi na mimi, yeye aliongoza nchi na mimi nina insha tatu. Nasema tu kwamba hata yeye alikuwa na mambo yake ya usiku.

Sasa Mama, nina shida na wewe, na ndiyo sababu kubwa ya barua hii.

Sehemu ya mwisho ya insha yangu ya tatu, hii ya Uhura, inahusu ile katuni ya simba ya 1994, The Lion King. Majina mengi ya mle ni ya kwetu. Simba, Rafiki. Pumbaa, ambaye amepewa kitenzi badala ya jina. Shenzi, fisi, na kwa kweli amestahili. Mwaka 2003 Disney walisajili hata "hakuna matata" Marekani kuwa alama yao ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu walitia saini kudai waiachie. Mimi watu wa kwetu siwajui wanaosema hakuna matata, labda wenye kuuza vinyago kwa watalii, lakini sipendi kuona mtu anakuja kupima kiwanja ambacho hatukuwa tukikilima.

Mama yake Simba ndiye aliyenisimamisha. Anaitwa Sarabi. Mhadhiri aliniuliza maana yake nikasema haraka: mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbele jua likiwa kali. Kamusi inanikubalia. Lakini usiku nikakumbuka tukiwa kwenye basi la kwenda Segera, mimi nimekaa mapajani mwako, lami mbele inameremeta kama bahari, nikakuuliza kwa nini hatuyafikii yale maji. Ulinitajia jina lake. Halikuwa sarabi, na sidhani kama lilikuwa mazigazi. Lilikuwa neno la bibi mzaa mama, la Kibondei pengine, au Kidigo, na ulilisema ukicheka. Nimelitafuta kwenye kila kamusi iliyomo ghorofa ya tatu. Kichwani mwangu imebaki sauti yako na ule mcheko, neno lenyewe limetoka.

Salimu, muulize kabla hajalala, dawa ya jicho humpa usingizi. Liandike kama anavyolitamka, usilisahihishe, kisha mwambie alirudie ulirekodi, ukiwa umefunga redio. Insha inakusanywa Jumatano saa sita mchana ya huku, yaani saa tisa alasiri kwenu. Ukichelewa nitakatwa alama na nitakukata wewe.

Nisalimie Shangazi, watoto wa nyumba ya uani, na paka kama amerudi. Mtandio wako nimeufua kwa mkono, sikuutia kwenye mashine.

Ni mimi binti yako,
Halima