Mwanangu, kile kipande umefuma?

Mwanangu mpendwa,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Masweta 30 ya shule, advansi umeshapokea, halafu unasema Jumatatu unaanza moja kwa moja. Hapo kwenye moja kwa moja ndo pameninyima usingizi. Nimefurahi jamani, usidhani sijafurahi, hata jirani nimemwambia mwanangu huko Njombe na baridi yao yote ile wamemwamini, lakini kipande cha kujaribia mbona hujakitaja?

Najua utasema mama uzi ni uleule. Lebo ikisema mishono 22 kwa sentimita 10 huo ni mkono wao, sio wako. Wewe unafuma umelegeza tangu mdogo, na sikukugombeza kwa hilo, mkono wa mtu haunyooshwi, kinachobadilishwa ni sindano. Piga hesabu mwenyewe: mbele umeanza na mishono 88 ukitegemea upana wa 40, mkono wako ukatoa 20 tu, unapata 44. Na mgongo hivyohivyo. Kifua cha 80 kimekuwa 88, mara masweta 30, na uzi utakuishia njiani wakati hela ya watu umeshakula.

Kwa hiyo fuma kipande cha 15 kwa 15, sio kile kidogo cha kujiridhisha, halafu kifue kama mzazi atakavyofua sweta lenyewe, kikauke kabisa ndo upime zile sentimita 10 za katikati maana pembeni panajikunja panadanganya. Nusu mshono nayo ihesabu. Mishono ikizidi ile ya lebo chukua sindano nene zaidi, ikipungua chukua nyembamba, na ufume kingine upya ukifue tena, ndio, tena. Mistari pia uihesabu, urefu wa mikono ya sweta unatoka humo. Na yule binti anayekusaidia naye afume chake, mbele yako na mgongo wake mkija kuunganisha bila kupimana mtalia.

Yale masweta ya kijani niliyofuma yakakosa vipimo, nilivyokwambia umeshika futi vibaya, futi haikuwa na shida. Nilikuwa na haraka, kipande sikufuma. Haya.

Huku Igoma mvua inanyesha, bati la upande wa kuku linavuja na fundi kila siku anasema kesho. Baba yako mguu una afadhali, juzi kaenda Sengerema kwa shangazi yako akarudi siku hiyohiyo, siku hizi daraja la Busisi lipo hamna kusubiri kivuko, ila amerudi na mahindi gunia zima na hatuna pa kuyaweka, nimeyapanga chumbani kwako, usikasirike. Dagaa nimekununulia Mwaloni, wamekauka vizuri, nawatuma na basi la Jumatano, ukiwapokea waanike tena kwa huo ukungu wenu wasije wakavunda. Na luku ulisema utaninunulia, sikudai lakini nimekumbuka.

Uzi wote nunua kwa pamoja, rangi ya leo na ya mwezi ujao hazilingani hata kama jina ni moja.

Kipande kikishakauka nipigie picha na rula juu yake nione namba. Kikiwa bado kibichi usinitumie.

Mama yako